Picha ya Kichwa cha Mzee Kiplangat

Nilikuwa nikimenya viazi vya jioni kando ya benchi ninapouzia kahawa, mbele ya posho mill ya kusagia mahindi, Jerop aliporudi kutoka hospitalini na bahasha kubwa. Jerop ni dada ya mume wangu. Alikuwa amempeleka baba yao, Mzee Kiplangat, kupigwa picha ya ubongo, maana tangu vita vitutoe kwetu Kuresoi mwezi wa Januari, mzee huamka alfajiri kukamua ng'ombe ambao hatuna tena. Mzee aliketi mwisho wa benchi. Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa waliikimbilia bahasha.

Hiram, tunayemwita Profesa, aliielekeza filamu ya ile picha juani. Jerop akaeleza: ubongo umesinyaa, hasa panapokaa kumbukumbu, na zile nafasi za maji katikati zimepanuka.

— Kwani si huzuni ya vita? nikauliza.

— Daktari amesema huzuni haichori hivi. Hii ilianza miaka mingi iliyopita, sisi tukisema ni uzee.

Profesa aliishusha filamu. Mwezi wa nne wanaume hawa walikuwa wamemfukuza mzee kwenye mchezo wa drafti kwa sababu alicheza mara mbili mfululizo akiapa hajacheza. Walimwita Mwizi wa Zamu, na jina likashika. Sasa hakuna aliyelitaja. Walikimbilia nadharia.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Profesa. Maji imeingia pole pole. Huyu alikuwa analala bila mto.

Joginder wa gereji, yaani Spana, akamnyang'anya filamu.

— Wewe Profesa hujui radieta. Hapa shida si maji, ni mafuta imeisha, injini imeshikana. Mpeni samli asubuhi na jioni.

— Wacheni hiyo, alisema Kipngeno, tunayemwita Redio. Ni ule mlingoti wa simu. Unavuta mawazo ya wazee kwanza, kwa sababu hawana simu ya kuwakinga. Tuliupokea tukisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wakabishana ni kona gani ya picha iliyobaki na kumbukumbu za Kuresoi. Profesa alidai ng'ombe wako upande wa kushoto, na kwamba hao hawajaguswa. Kahawa ikapoa mikononi mwao.

Eucabeth, mama aliyekuja kusaga mahindi, alitua debe lake akaitazama ile filamu, kisha akawatazama wao.

— Na mwenye kichwa yuko wapi?

Tuligeuka sote. Mwisho wa benchi palikuwa wazi. Niliacha kisu ndani ya kiazi. Jerop alishika njia ya barabara kuu akiita, nasi wengine tukazunguka posho mill.

Alikuwa nyuma ya ukuta. Alikuwa amechora drafti kwenye unga uliomwagika, akapanga vifuniko vya soda, akawa anacheza pande zote mbili. Alipotuona alivikusanya haraka kama mtu aliyefumaniwa.

— Nimecheza mara moja tu, alisema.

Profesa alichuchumaa mbele yake, suruali ikiingia unga. Alivipanga upya vifuniko, kimoja kimoja.

— Najua, mzee. Ni zamu yako.

Mzee akacheza. Kisha akacheza tena. Profesa alikuwa ameshanyoosha mkono kucheza zamu yake. Aliurudisha gotini, akangoja.

Viazi vilichelewa. Nilipakua, nikahesabu watu kama ninavyofanya kila jioni tangu Januari: mume wangu, watoto wawili, Jerop, mzee. Wote wapo. Mzee alimaliza sahani yake, akaisukuma kando, akaniuliza kwa adabu tutakula saa ngapi.

Nikampakulia.