Kengele Chini ya Kitambaa

Kosta ya Korogwe ilikuwa imeshatoka Kabuku. Mbele yangu Meshaki, bwana mifugo, alikuwa akimlaumu Hajira aliyeketi kando yake, binti aliyetengeneza programu ya kupima joto la friji ya chanjo za ng'ombe. Hajira alikuwa amepakata laptopu, anaandika.

“Chanjo zote zimeharibika. Programu yako haikutushtua.”

“Iliandika onyo kwa rangi nyekundu, kaka. Nyie mlikuwa mmeifunika kompyuta kitambaa.”

“Na vumbi lile je?” Nilimwelewa. Kwetu hata redio ina kitambaa chake.

“Ndiyo maana naiunganisha na kengele ya kompyuta yenyewe. Italia hata mkiifunika blanketi.”

“Ulisema haiwezekani, kwa kuwa programu ni moja kwa kompyuta za Windows na za Linux.”

“Nilikosea. Kila upande nauandikia kipande chake kidogo cha kupiga kengele. Programu inabaki moja.”

“Tengeneza ya Windows tu, yaishe.”

“Wenzenu wa Kang'ata wanatumia Linux. Ng'ombe wao si ng'ombe? Simwachi mtu.”

Kosta ikasimama stendi. “Na wakizima sauti?” Meshaki aliuliza.

Hajira aliifunga laptopu, akaipangusa vumbi, akaifunika vizuri kwa kitambaa cha maua.