Bustani za Mzee Dominiko Fidelis Mkude, Mume wa Prisca

Mzee Dominiko Fidelis Mkude alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Mgeta, mtoto wa tatu wa marehemu Bibi Regina. Mgeta mtoto hujua tuta la kabichi kabla hajajua kiatu. Alisoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1967. Hesabu zilimpiga chenga, lakini shamba la shule lilikuwa mikononi mwake.

Mwaka 1970 aliajiriwa kutunza bustani ya misheni Matombo. Alikuwa mpole, isipokuwa kwa mtu anayeweka samadi ambayo haijaiva au anayemwagilia mchana. "Samadi mbichi inaunguza mizizi," aliwaambia, "na maji ya saa sita unalinywesha jua."

Tarehe 23 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Prisca. Kwa mila ya Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, hivyo akahamia kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe hapa Matombo. Walipanda migomba na pilipili manga, na mbele ya nyumba akaotesha ukoka. Prisca alimcheka: "Mbuzi hatuna, majani ya nini?" Akamjibu, "Ya wewe kukaa." Hakuyanyoa yakabaki kipara, alipunguza ncha tu, maana ukoka ukikatwa sana hukauka na magugu ya ndago hupata mwanya. Jioni walikaa hapo wote wawili.

Prisca alifariki tarehe 3 Mei 2014. Ardhi ikarudi kwa ukoo wake, kama mila inavyotaka. Hakuna aliyemfukuza Mzee, wala hakuna aliyemwambia lolote. Akafunga nguo zake, akashuka kupanga chumba Bigwa, mjini Morogoro.

Tuseme ukweli: huko alikuwa mpweke. Watoto walipiga simu, lakini simu haikai na mtu kula. Alilima mchicha uani, na siku moja jirani yake, Zuhura, akaenda kumwuliza.

"Shikamoo mzee. Mchicha wangu mbona unageuka njano?"

"Marahaba, mwanangu. Kwanza kaa. Leo nakwambia ya maji tu. Ya samadi uje kesho."

Kesho yake akaambiwa ya samadi, na ya kutandaza majani makavu yakawekwa akiba. Zuhura aling'amua kwamba mzee anamkatia elimu vipande ili arudi. Akawa anakwenda na chupa ya chai, hata mchicha wake ulipokwisha kupona.

Januari 2025 miguu ya Mzee ilianza kuvimba, ikabainika ni figo. Alilazwa mara tatu, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025. Alikuwa ameacha ombi moja tu: azikwe karibu na Prisca. Ombi hilo liliwapa wapwa zake kazi ngumu, kwa kuwa mwanamume wa Kiluguru huzikwa kwa ukoo wa mama yake, na ardhi ya Matombo si yao kuichimba. Walikwenda kwa Mzee Severin, kaka yake Prisca, wakiwa wamejiandaa kukataliwa. Walieleza shida yao. Naye akasema:

"Shemeji kakaa kwetu miaka thelathini na minane, halafu mnanipigia hodi kwa ajili yake? Kosa ni letu. Siku ile anafunga nguo zake tulikuwa tunamwona, na hatukumwambia abaki. Mleteni."

Asubuhi iliyofuata vijana wa ukoo wa Prisca ndio walioshika majembe. Hawakuruhusu mtu wa Mgeta awasaidie, kwa sababu, walisema, anayezikwa ni wa kwao.

Mzee Dominiko ameacha watoto wawili, Emmanuel wa Gairo na Lucy wa Dar es Salaam, wajukuu watano, dada mmoja, wapwa, na shemeji yake Severin. Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani hapa Matombo, kwake.