Sahani Niliyoisukuma kwa Mama Neema

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Amahoro kwenu nyote wa Magara, na wageni waliotoka Rumonge. Itikieni kwa nguvu, maana leo sauti yangu mimi ni ndogo. Nimesimama hapa na haya usoni.

Wengi munanijua, mwalimu niliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Munanijua pia kwa kitambi. Kilikuwa kitambi cha heshima! Watu waliniita patron, bosi, hata siku ambazo mfukoni hamna kitu. Lakini magoti yaliuma, na daktari alipopima damu akasema sukari iko juu, nipunguze ubugari, huu ugali wetu. Alisema nipunguze, hakusema niache. Mimi nikaenda kusikiliza mambo ya kwenye simu. Humo nikapata rejimu ya kupunguza mwili: ubugari, mihogo, ndizi, wali, maharage, vyote marufuku. Kula mafuta, mayai, parachichi, nyama na samaki. Nikasema, mafuta? Sisi watu wa mawese tutashindwaje!

Na ilifanya kazi, siwezi kudanganya mbele ya madhabahu. Suruali zilianza kunidondoka, sukari ikashuka. Ila niliona haya kusema. Mwanaume mzima anafanya rejimu? Hapa kwetu anayekonda ni mgonjwa au ana njaa. Nikaficha.

Siku moja walimu wenzangu wakanivuta kwa Mama Neema, mama yetu wa kutoka Uvira, anayeuza chakula pale wavuvi wanaposhusha samaki. Zamani nilikula kwake kila mchana. Akaniletea ubugari wa moto na samaki wa mukeke. Nikaisukuma sahani, nikasema kwa sauti, "Hapa sili tena." Hivyo tu! Sababu sikutoa, na watu wote walisikia.

Ndugu zangu, munajua kwetu mtu akikataa chakula namna hiyo maana yake nini. Maana yake anaogopa sumu. Nami nikazidi kukonda machoni pa watu. Wakajumlisha wenyewe: "Mwalimu amelishwa kitu na yule Mkongomani." Wateja wakamkimbia. Ikawa anapika, na jioni anarudi nyumbani na sufuria imejaa. Niliyasikia hayo yote, nikanyamaza! Neno moja langu lingeyamaliza, lakini nikachagua kulinda siri ya tumbo langu. Mimi, niliyeishi ugenini nikaona vile mgeni anavyosingiziwa! Ee Mungu, aibu gani hii!

Juzi mke wangu akarudi sokoni analia. Mama Neema anafunga mizigo, anarudi Uvira. Nilikimbia, ndugu zangu, kwa haya magoti yangu. Nikamkuta anafunga sufuria zake kwa kamba. Nikapiga magoti palepale, nikamwambia yote, sukari, rejimu na woga wangu. Akaniangalia sana.

"Mwalimu, si ungesema tu?" akasema. "Ningekuwa nakupikia mukeke na mboga za lengalenga, ubugari naacha."

Basi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Nililia mbele yake bila kujali nani ananiona, na hapo ndipo Bwana aliponifungua kinywa.

Mutaniuliza, na rejimu yenyewe je? Kukataa ubugari mpaka uzeeni siwezi. Mayai na nyama ya kila siku yamenishinda bei, tumbo lilifunga, na nimechoka kula peke yangu jikoni kama mwizi. Nilirudi kwa daktari, akasema matonge machache, mboga nyingi, na kutembea kwa miguu. Hayo nayaweza, maana naweza kuyafanya nikiwa nimekaa na watu.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika woga ule. Murakoze Mana! Lakini Mama Neema bado hajafungua mizigo yake. Ameketi kule nyuma. Nilimuomba apike leo, mara hii tu, na sufuria iko nje. Mutu akiuliza Yesu amenitendea nini, aanze kuniamini kwa hili: mikononi mwa huyu mama sijawahi kula kitu kibaya. Tukitoka hapa nitakata tonge la kwanza mbele ya macho yenu. Ndugu zangu, nawasihi, musiniache nile peke yangu.