Mzee Jaime Nandenga na Treni Zilizokataa Kustaafu

Padre, wazee wa msikitini mliokuja kusimama nasi, majirani wa Olumbi, ndugu mliotoka Mueda na Pemba: tuliyemleta hapa leo, Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, ni Jaime Sebastião Nandenga, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Jaime Komboyo, yaani Jaime wa Treni. Familia imeniomba mimi, Edmilson, mwana wa dada yake, niwasomee maisha yake. Mjomba hakupenda maneno marefu, lakini kusifiwa alikupenda sana, kwa hiyo nitajaribu kumridhisha kotekote.

Alizaliwa tarehe 8 Juni 1959 katika uwanda wa juu wa Mueda, mtoto wa tatu wa Mzee Sebastião Nandenga na mkewe Olívia. Mwaka 1966, vita ya ukombozi ilipopamba moto, familia ilivuka Ruvuma kwenda Tanganyika, kama tulivyozoea kuiita. Jaime alivushwa mgongoni kwa mama yake. Miaka saba alikuwa nayo na miguu mizima alikuwa nayo, ila aligoma kutia mguu majini, akapiga makelele mpaka watu wazima wakaogopa kusikika, ikabidi abebwe. Bibi alituhadithia haya mara nyingi, mwenyewe akiwa amekaa pale pale anasikiliza, na hakuwahi kukanusha.

Alisoma mkoani Mtwara hadi darasa la saba, akalimaliza mwaka 1974. Hicho ndicho Kiswahili chake mlichokuwa mnakisikia, cha kunyooka, cha mwalimu mwenye fimbo. Baada ya uhuru alirudi na wazazi wake, akajifunza Kireno akiwa na ndevu tayari, na kati ya mwaka 1976 na 1979 akasomea ufundi wa umeme huko Pemba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Mocímboa da Praia, kwenye kiwanda cha mbao, kutunza jenereta. Wakati wa vita ile ya pili, ya wenyewe kwa wenyewe, kiwanda kilifungwa, na jenereta ikachukuliwa. Alihamia hapa Olumbi, akawa anatengeneza redio, pasi, na kila kitu kilicholetwa kwake kikiwa kimya.

Ndivyo alivyompata Catarina. Dada huyu alileta redio ya baba yake siku ya Jumatatu, na kufikia Ijumaa ilikuwa imeharibika tena, na wiki iliyofuata tena. Baba yake alisema fundi huyu ni mwizi. Catarina alisema fundi huyu si mwizi, anataka nirudi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Novemba 1986, na redio haikuharibika tena. Mungu aliwajalia watoto wawili, Olívia mwaka 1988, aliyepewa jina la bibi yake, na Manuel mwaka 1991.

Februari 1996 aliondoka kwenda Joni, yaani Johannesburg, kutafuta maisha. Alipata kazi upande wa mashariki wa jiji, katika ofisina moja, yaani karakana, ya kukarabati treni za umeme za abiria, zile za manjano na kijivu zinazopeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Wengi wetu huku hatujaona komboyo hata la makaa. Kila alipokuja likizo tulimzunguka atueleze. Alisema juu ya behewa kuna mkono wa chuma kama upembo wa kuangulia mapapai, unagusa waya, unashusha umeme, na chini kuna mota zinazozungusha magurudumu. Zile mota ndizo zilikuwa kazi yake. Tulimuuliza kama waya ukikatika treni inaanguka. Alicheka hadi akakohoa.

Treni zenyewe zilikuwa kuukuu. Siku moja alikuta kibao cha chuma kwenye ubavu wa behewa, kimeandikwa 1959, akamwita Ussene Abdurrazaque, mtu wa Mbau aliyefanya naye kazi miaka yote: “Ussene, njoo umsalimie pacha wangu.” Mzee Ussene yupo hapa leo, na mengi ya haya ametusimulia yeye.

Mjomba alimwambia mke wake anaenda miaka miwili tu. Hakuwa anadanganya. Mabosi walikuwa wanasema treni hizi haziendi mbali, zinaondolewa, zinakuja mpya, na ofisina itafungwa. Jaime akamwahidi Catarina: siku treni zikiondolewa, siku hiyo hiyo nafunga mzigo. Catarina akakubali. Sasa, hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu treni hazikuondolewa. Mpya zilitangazwa, zikachelewa, zikatangazwa tena. Kuukuu zikaendelea kubeba watu. Vipuri vikaacha kutengenezwa, na mjomba na wenzake wakaanza kuvua behewa bovu ili wavishe behewa lenye nafuu. Kila mota iliyozimika, aliiwasha. Kulikuwa na utaratibu wao wa kazi: fundi akimaliza kukagua behewa, anaandika kwa chaki ubavuni. Alama ya kukubali, linarudi kwenye reli. Msalaba, linavutwa pembeni kusubiri kukatwa chuma chakavu. Jaime alikuwa na sifa kwamba chaki yake haijui kuandika msalaba. Epa, alijivunia sifa hiyo! Akija Krismasi anatusimulia behewa hili na lile, jinsi kila mtu alivyolikatia tamaa, na jinsi yeye alivyoliamsha.

Huku nyumbani kulikuwa na mtu ambaye hakuzifurahia habari hizo. Catarina alilima, aliuza mihogo na samaki wakavu, alizika wazazi wake wawili bila mume kuwapo. Matumizi yalikuja, hilo hakulilalamikia. Krismasi ya mwaka 2014 walikuwa jikoni, na binti yao Olívia anapepeta mchele karibu yao, ndiye aliyeyasikia haya.

“Baba Olívia, nikuulize. Zile treni zikifa, unarudi?”

“Narudi, si nilikwambia.”

“Na nani anazizuia zisife?”

Mjomba alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. Akasema, “Watu wanazipanda, Mama Olívia. Watu wanaenda kazini.”

“Na mimi je? Mimi si watu?”

Alichukua kiti akaenda kukaa nje, na Januari akaondoka kama kawaida. Ila Mzee Ussene anasema tangu mwaka ule aliacha kujisifu. Alikuwa anatengeneza kimya kimya, na akimaliza anasimama mbele ya behewa na chaki mkononi muda mrefu kabla ya kuandika, na mwisho anaandika alama ile ile ya kukubali.

Machi 2021 yalitukuta yale tunayoyajua. Palma iliposhambuliwa na waasi, Olumbi nzima iliingia porini. Catarina alikimbia na Olívia na wajukuu, wakapita njia ya Nangade, simu ikaangukia mtoni huko. Kule Joni mjomba alipiga simu, hapokei mtu. Alimpigia kila aliyemjua. Wengine walimwambia wamemwona Mama Olívia huko Pundanhar, wengine wakamwambia asikilize tu na kumwachia Mungu. Pasaka ilipita hajui kama ana mke au hana.

Wiki ile ile baada ya Pasaka, ofisina iliamua mambo yake. Miezi ya maradhi ya korona treni zilikuwa zimesimama, nyaya zimeibiwa, mabehewa yamelala kwenye reli ya pembeni yakiota majani. Mafundi waliambiwa wapite wakague: yapi yanaweza kuamshwa, yapi yaondolewe moja kwa moja kupisha treni mpya. Wenzake hawakuwa na wasiwasi. Jaime yupo, mabehewa yatapona, kazi ipo.

Jaime alichukua chaki, akaanza mwanzo wa mstari. Akaandika msalaba. La pili, msalaba. Mzee Ussene anasema alidhani mwenzake amechanganyikiwa kwa mawazo, akamkimbilia.

“Jaime, ngoja, hili linafaa! Mota zake tulizifunga kabla tu ya korona.”

“Linafaa kwa sababu kila mwaka nasema linafaa.”

“Na sisi tutakula wapi?”

“Ussene ndugu yangu, milango haifungiki. Watu wananing'inia. Breki tumetoa kwa mabehewa marehemu matatu tofauti. Nimewadanganya abiria, nimemdanganya na mke wangu. Niache.”

Alikwenda mpaka mwisho wa mstari, na pacha wake wa 1959 akiwemo. Ofisina ilifungwa mwezi uliofuata. Baadhi ya wenzake walimkasirikia, na Mzee Ussene mwenyewe anakiri alinuna siku kadhaa. Siku ile ya chaki habari za mke bado zilikuwa hazijafika. Nalisema hili kwa makusudi, maana wapo wanaofikiri aliitwa nyumbani kwa simu. Aliyafuta mabehewa yale akiwa hajui kama anarudi kwa mtu au kwa kaburi.

Mwishoni mwa Aprili Olívia aliazima simu Mueda, akampata. Kabla ya kuondoka Joni, mjomba alipanda treni mpya ya buluu mara moja, abiria kama abiria wengine. Tulimuuliza ilikuwaje. Alisema inaingia baridi ya mashine, milango inajifunga yenyewe, na alitega sikio kutafuta mlio wa mota, hakuusikia. “Nzuri,” alisema. “Nzuri sana. Haikunihitaji hata kidogo.” Aliyasema hayo kwa furaha, nilimwona.

Alifika Pemba tarehe 3 Juni 2021, kwenye nyumba ya ndugu zetu tulikokuwa tumerundikana. Catarina alikuwa anafua. Alimtazama, hakunyanyuka.

“Treni zimekufa?”

“Zimekufa.”

“Nani kaziua?”

“Mimi.”

Mama Olívia akafuta mikono, akaenda kumchotea maji ya kuoga. Sisi wengine tulijifanya tuna shughuli uani.

Agosti 2023 walirudi hapa Olumbi. Walijenga upya nyumba iliyochomwa, vyumba viwili na baraza. Mjomba alilima kwa mara ya kwanza maishani, na alilima vibaya. Mnajua, mmecheka mihogo yake. Jioni walikuwa wanakwenda pamoja kisimani, yeye ameshika ndoo, na wanaume wenzake wakimtania kwamba amegeuzwa mwari. Aliwajibu kwamba nyinyi mmezoea wake zenu, mimi wangu bado mgeni.

Mwanzoni mwa mwaka huu miguu ilianza kuvimba. Hospitali iliona ni figo. Tuliambiwa ipo mashine ya kusafisha damu, lakini iko mbali, ni ndege mpaka Maputo, na akienda atakaa huko huko. Sasa sikilizeni. Aliyesimama kidete aende alikuwa Mama Olívia. Alisema aende, atengenezwe, hata akiwa mbali, mradi awe mzima. Mjomba ndiye aliyekataa. Alimshika mkono mbele yetu sote akamwambia, “Mama Olívia, mbali nimeshakaa.” Mama Olívia alilia, akagomba siku mbili, kisha akamtandikia kitanda barazani, mahali penye upepo. Alifariki hapo asubuhi ya Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, mke wake akimsomea Rozari. Alikuwa na miaka sitini na sita.

Ameacha mjane, Catarina, watoto wawili, Olívia na Manuel, wajukuu watano, dada mmoja, ambaye ni mama yangu, wapwa wengi, na rafiki yake Ussene.

Nilipoandika maneno haya jana, niliandika kwamba ndoa yao ilidumu karibu miaka thelathini na tisa. Nikamsomea Mama Olívia. Akaniambia, “Futa, Edmilson. Andika minne, tangu aliporudi. Ile ya kwanza nilishaililia alipoondoka.” Nikamwambia, Mama Olívia, watu watashangaa. Akasema, “Washangae. Andika minne, na andika kwamba haikunitosha.”

Nimeandika kama alivyosema. Mungu ampokee mjomba wetu, ampe mapumziko ya amani.