Bilha Nakhumicha na Nyumba Aliyoishinda Kortini

Wazee wetu, mchungaji, majirani wa Waithaka na nyote mliofika asubuhi hii, Machi 10, 1979, familia inawashukuru kwa kusimama nasi katika ua huu, na kabla gari halijaondoka kumpeleka mama yetu Kimilili, inaomba myasikilize maisha yake.

Marehemu Bilha Nakhumicha alizaliwa tarehe 2 Aprili 1931 karibu na Kimilili, mtoto wa nne wa Mzee Zachariah na Mama Rasoa Nanyama, na kwa kuwa wakati huo watu walikuwa mashambani wakipanda, alipewa jina la Nakhumicha, la watoto wa msimu huo. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1944 akiwa anajua kusoma Biblia, kushona na kufuma, na waliosoma naye wanasema alikuwa mtembezi, haonekani nyumbani mpaka aitwe.

Tarehe 16 Desemba 1950 alifunga ndoa na marehemu Shem, fundi wa mawe, na Mungu akawajalia watoto watatu, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, akabaki Loice, aliyezaliwa Julai 1953 na ambaye yuko nasi hapa. Mwaka 1956 walihamia Nairobi, Shem akijenga maghorofa mjini na Bilha akifua nguo katika nyumba moja ya Muthangari, na mwaka 1961 walinunua kiwanja hiki kwa Mzee Mungai, mbele ya mashahidi, na Shem akaisimamisha kwa mikono yake nyumba hii ya vyumba viwili mnayoiona.

Shem alifariki tarehe 2 Februari 1966 kwa ugonjwa wa kifua, na Mzee Mungai akamfuata mwaka uliofuata, na matanga yake hayajaanuliwa akatokea bwana mmoja mwenye cheo, ambaye familia imekubaliana kutomtaja, akisema kiwanja ni chake na kumtaka mjane afungashe vyombo. Bilha hakufungasha. Alikwenda mjini, akapanda ngazi za wakili kijana aliyetoka pwani, Bwana Twahir, na kesi ikaenda, ikiahirishwa na kurudi, mpaka tarehe 19 Juni 1970, jaji aliposoma kwamba nyumba na kiwanja ni mali yake na kwamba mtu yeyote asimbughudhi. Ilisomwa kwa Kiingereza, na Bwana Twahir akamweleza nje, kwenye baraza ya korti: "Umeshinda, mama. Hapana tena mtu wa kukugusa."

Wiki hiyo hiyo Bilha alikwenda kibaruani Muthangari, na aliporudi alikuta mlango umeng'olewa na mabati ya upande mmoja hayapo. Akachukua hukumu yake akaenda kituo cha polisi, ambako askari wa zamu aliigeuza mbele na nyuma, akamrudishia. "Mama, hii karatasi ni ya korti," alimwambia. "Sisi hatujaambiwa kitu. Ngoja mkubwa aseme."

Mkubwa hakusema. Bwana Twahir alirudi kortini, akapewa amri nyingine iliyoithibitisha ile ya kwanza, nayo ikapokewa kituoni kwa heshima na kuwekwa. Mwaka 1971 shemeji yake, Sifuna, alikuja kukaa ndani ili Bilha aweze kwenda kazini, lakini siku ya tatu alikamatwa pale mlangoni, akaambiwa ni mzururaji, na alipoachiliwa jiko la nje lilikuwa limekwisha kubomolewa. Jambo moja tu watu wa bwana yule hawakuthubutu kulifanya: kumbomolea Bilha akiwa ndani, kwa maana hayo yangekuwa mauaji, na mauaji hata wao waliyaogopa. Bilha alipolielewa hilo, aliacha kazi ya Muthangari, akavuta kiti mpaka dirishani, akaanza kufuma sweta za wanafunzi, na wateja wakazipokea sweta zao pale pale dirishani.

Tangu hapo hakutoka nje ya ua huu ila mara mbili. Kanisa liko hapo ng'ambo ya barabara, na Jumapili alikuwa akisikia kwaya, akiimba nayo polepole, akinyamaza inapofika zamu ya mahubiri kwa sababu maneno hayakumfikia. Loice alipoolewa, Agosti 1976, mchungaji alikubali kufungishia ndoa hapa uani, mama wa bibi harusi akiwa amesimama kizingitini.

Mama yake mzazi, Rasoa, alipofariki Novemba 1973, Bilha alivaa nguo nyeusi, akafunga kikapu, na Mama Wangui, jirani, akaja na kiti chake akamwambia, "Enda umzike mama yako. Mimi siendi popote." Alifika stendi ya basi ya Dagoretti, na hapo akaona lori lenye wanaume limekata kona kuelekea Waithaka. Hakupanda basi. Alirudi mbio, viatu mkononi, akamkuta Mama Wangui ametulia, maana lile lilikuwa lori la makaa. Basi la Kimilili lilikuwa limekwisha kuondoka, na Rasoa alizikwa bila binti yake. Mama Wangui anasema Bilha hakulia siku ile, alikaa tu akatazama mlango, na baadaye akasema, "Sasa hata wasipokuja, wamekuja."

Loice alimsihi mara nyingi aachane na nyumba wakaishi naye Kinoo. "Mama, haki gani hii inayokufunga? Mfungwa ana siku ya kutoka." Na Bwana Twahir, ambaye hakuacha kumtembelea, mwaka jana alikiri kwa sauti ya chini kwamba hana tena mlango wa kubisha. "Haki yako ipo, mama, Mungu shahidi. Haina mtu tu." Bilha akamjibu, akiendelea kuhesabu vitanzi, "Kama ipo na haina mtu, basi ni yatima. Yatima haachwi peke yake nyumbani."

Mwezi Januari mwaka huu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akakataa hospitali, mpaka tarehe 27 Februari, Mama Wangui alipoingia bila hodi akifuatwa na jirani mwingine, Mwelu, na wanawake wengine saba, wakakaa sakafuni. Mwelu alisema, "Sifuna alikuwa mmoja, wakambeba. Sisi waje na lori mbili." Bilha aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaomba viatu vyake. Alifariki hospitalini tarehe 6 Machi 1979, alfajiri, moyo ukiwa umechoka.

Wako waliotaka azikwe hapa uani, kwa kuwa mtu huogopa kubomoa penye kaburi, na lilikuwa wazo la watu wanaompenda. Loice alikataa. Alisema mama yake amelinda vya kutosha, asifanywe askari hata akiwa amekufa, na familia ikakubali kwamba atalala Kimilili kando ya Shem. Nyumba hii itakuwaje hatujui, na hukumu ya korti ingali hai kama ilivyosomwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bwana Twahir, aliyefunga ofisi leo ili asafiri nasi, waliokuwa wakifua pamoja naye Muthangari, na mchungaji na kwaya, ambao leo wameimba karibu naye. Mtatuwia radhi kwamba Mama Wangui, Mwelu na wenzao hawako hapa uani pamoja nasi. Wako ndani, wamekaa, na wameomba jeneza lipitishwe chini ya dirisha ili waage kutoka huko.

Bilha, binti Zachariah, safari ni ndefu na hakuna anayekuhimiza urudi. Pumzika kwa amani.