Niliwafuta Watoto wa Shangazi

Jina la Yesu litukuzwe, ndugu zangu! Nawasalimu ninyi mliotoka Nyabiyonza na Songambele, na wenyeji wetu wa hapa Omurushaka. Wazee wangu, shikamooni. Mimi naitwa Editha. Ushuhuda wangu nimeuandika, nanyi mniruhusu niusome, kwa sababu nikisema bila karatasi nitajipamba. Najijua.

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari. Baba yangu, ambaye alivuka Mto Kagera akiwa kijana na kuja kulima ndizi na kahawa za watu hadi akapata shamba lake, aliniambia maneno mawili tu: "Shika jembe." Nililishika. Lakini kila nilipopumzika nilikuwa na kitabu. Niliazima kwa katekista, nikaazima kwa watoto wa wenye maduka, nikajifundisha mwenyewe miaka sita. Nilifanya hesabu kwa penseli, nikafuta, nikafanya tena, mpaka karatasi ikatoboka. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia, "Hapo inatosha." Kwa hiyo hakuna kilichowahi kutosha.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu, nikapata nafasi kwenye chuo cha maendeleo ya jamii. Kijiji kizima kilimsifu Mungu. Nami, ndugu zangu, nilikuwa nimekwishaokoka! Nilikuwa mwanakwaya. Nasema hivyo ili mtu asidhani dhambi nitakayoisema niliitenda kabla ya kumjua Bwana. Niliitenda nikiwa na Biblia chini ya mto.

Mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa na somo la takwimu. Siku ya pili tu mwalimu aliandika kanuni ubaoni, akaniita niisome kwa sauti. Alama zile nilizijua kwa macho. Nilikuwa nimeziona vitabuni miaka na miaka. Lakini sikuwahi kumsikia binadamu akizitaja! Ilikuwapo moja kubwa, ile ya kujumlisha, inayoitwa sigma. Nilisimama, nikasema, "Hiyo M iliyolala."

Darasa lililipuka. Tangu siku hiyo sikuwa Editha tena. Asubuhi kwenye foleni ya uji walinisalimu, "M Iliyolala, umeamka?" Msichana tuliyelala chumba kimoja, Adela, Mnyambo wa huku kwetu, ndiye peke yake aliyenionea huruma, na hata yeye alicheka kwanza. "Waitu Editha, mwenzetu," alisema akijifuta machozi, "si ungekaa kimya tu kama sisi? Unadhani kuna anayeijua?"

Sikumwamini. Niliona wote wanajua ila mimi. Katika jaribio la kwanza tulipewa maswali matano. Swali la kwanza nililijibu, nikaona mstari wa jedwali langu umepinda, nikaomba karatasi nyingine, nikaliandika upya. Nikalifanya hivyo mara nne. Kengele ikalia. Nilipata alama ishirini kati ya mia. Mwalimu, mtu mpole wa sauti ya chini, aliniuliza, "Hili moja ni sahihi kabisa, Editha. Mengine manne yako wapi?" 

Ndugu zangu, hofu iliniingia mwilini. Chakula kilinishinda. Nywele zilianza kubaki kwenye kitana. Niliomba Mungu anipe ugonjwa, ugonjwa wa kweli, nirudishwe nyumbani bila aibu. Watu walinisifu kwa maombi yangu marefu, wala hawakujua naomba nini. Na Mungu niliyemwomba nilimwona kama mtu aliyekaa mezani na kalamu nyekundu, anangoja nikosee.

Kisha ukaja utafiti. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda kijiji kimoja wakati wa likizo, achague kaya ishirini kwa kura, awaulize akina mama wanachota maji wapi, wamezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi. Halafu achore grafu na kueleza anachokiona. Alama za utafiti ndizo zingeamua nani aendelee na nani arudi kwao. Kwangu mimi, kurudi kwetu ilikuwa ni kufa.

Nilichagua Songambele kwa sababu shangazi yangu, dada yake Baba, anaishi huko, ningepata pa kulala. Balozi wa nyumba kumi alinipa majina, tukayaandika kwenye vipande vya karatasi, tukavitia ndani ya kofia yake. Nilichomoa ishirini. Nyumba ya Shangazi ilikuwamo.

Nilimwacha Shangazi awe wa mwisho. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamsalimia upya kana kwamba mimi ni mgeni, kama tulivyofundishwa, akacheka. "Marahaba, Bibi Serikali. Uliza."

"Shangazi, umezaa watoto wangapi?"

Kisu kilisimama. "Watoto hawahesabiwi, Editha. Mikungu ndiyo inahesabiwa."

"Niambie idadi tu, Shangazi. Ni ya shule."

"Idadi siijui. Nina majina."

Akaanza kuyataja. Alitaja jina moja, akamenya ndizi moja, akataja jingine. Mimi nilimjua Yohana na Verediana tu, walio hai. Kumbe kulikuwa na Bernadeta. Kulikuwa na Gaspari, aliyekuwa na kovu kwenye kidevu. Kulikuwa na mapacha ambao hawakufikisha siku ya kupewa majina, akawataja hivyo, "wale wawili." Kila alipotaja nilichora kijiti kimoja kwenye dodoso langu, ile karatasi ya maswali. Mwisho vijiti vilikuwa tisa, na saba kati ya hivyo niliviwekea msalaba. Jua lilikuwa limefika katikati. Shangazi alinawa mikono, akaniambia, "Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Hata na mume wangu hatukuwataja. Umewaandika wote?"

"Nimewaandika wote, Shangazi."

Na kweli nilikuwa nimewaandika. Dhambi ilikuja baadaye.

Nilirudi nyumbani Nyabiyonza, nikakaa mezani mchana kweupe kuchora grafu. Ilikuwa nzuri! Nyumba zinazochota kwenye chemchemi iliyojengewa zilikaa chini, watoto wachache wamekufa. Nyumba zinazochota bondeni, wanakonywesha ng'ombe, zilipanda juu. Hoja ilikuwa safi, mtoto angeiona. Ila nukta moja. Shangazi anachota kwenye chemchemi nzuri, hatua chache kutoka mlangoni kwake, na nukta yake ilikaa juu kabisa, peke yake, kama nzi kwenye maziwa.

Niliitazama siku mbili. Nikasikia darasa zima likicheka. Siku ya tatu nilichukua kifutio nikaifuta. Dodoso la Shangazi nililichana nikalitia motoni, na mahali pake nikabuni kaya: mama wa chemchemi, watoto watano, mmoja amekufa. Nilimpa hata jina. Mwanamke asiyekuwapo alipata jina, na Gaspari akaungua.

Chuoni mwalimu aliinua kazi yangu darasani wote waione. Alisema ndiyo bora kuliko zote. Wale wa "umeamka" walinipigia makofi. Ndugu zangu, shetani hana haja ya kukupiga kila siku. Siku nyingine anakupigia makofi.

Nilidhani hofu itaondoka. Iliongezeka! Sasa niliogopa kukosea na niliogopa kujulikana. Kila mwalimu alipokohoa nilidhani ataniita.

Likizo iliyofuata Baba alinituma Songambele. Shangazi alinipokea mlangoni, na kabla sijaketi akauliza, "Kile kitabu cha chuo, wanangu wamo?" Yeye alidhani majina yao yameandikwa katika kitabu kinachokaa, kama kile cha ubatizo. Kwa wale waliokufa kabla ya kubatizwa hakuwa na kitabu kingine chochote. Nilimwangalia usoni nikasema, "Wamo, Shangazi. Mwalimu amekisifu." Hiyo ilikuwa mara ya pili kuwaua.

Jumapili tulikwenda kwenye ushirika. Shangazi si mtu wa kusema mbele ya watu. Miaka yote hukaa mwisho, huinamisha kichwa, huondoka. Siku hiyo alisimama. Alisema, "Namshukuru Mungu. Nilidhani wanangu wamesahauliwa duniani, nabaki nao mimi tu, nami nikifa wamekwisha. Sasa wameandikwa chuoni. Binti wa kaka yangu amewaandika." Watu wakaitikia kwa shangwe. Mama mmoja akaanza wimbo. Wakaja kunishika mkono, mimi! Mzee wa kanisa akasema, "Binti, umefanya jambo kubwa."

Sijui nilisimamaje. Nasema kweli, sikusikia sauti, sikuona nuru. Nilisikia tu kwamba sina nguvu ya kubeba tena. Nilisema, "Hawamo." Wimbo ukaendelea, hawakunisikia. Nikasema tena kwa kelele, "Hawamo! Niliwafuta! Walikuwa wanaharibu kazi yangu nikawafuta, nikachoma karatasi!"

Wimbo ukakatika. Shangazi alichukua kitenge chake kwenye benchi, akatoka. Hakulia. Alitembea kama mtu aliyeitwa na shughuli.

Mtanisamehe, watu hupenda ushuhuda ambao hapo ndipo watu hukumbatiana. Hapakuwa na mtu aliyenikumbatia. Yule mzee aliuondoa mkono wake. Nilirudi kwa Baba kwa miguu, nikamweleza, naye hakusema nami siku nne. Lakini ndugu zangu, kuna jambo lilitokea ndani yangu, nalo ndilo nililokuja kulisema. Yule aliyekaa na kalamu nyekundu hakuwapo. Nilimtafuta. Nilikuwa nimekosa kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaogopa, mbele za watu wote, nami nilipoomba nilikuta kuna anayesikiliza. Bwana Yesu hakuningoja nikamilike. Alinikuta nikiwa mwongo, mwizi wa wafu, akakaa nami!

Chuo kilipofunguliwa nilikwenda kwa mwalimu kabla ya kufungua sanduku langu. Nilimwambia yote. Alivua miwani.

"Ulijiuliza kwa nini nukta ile imekaa kule?"

"Hapana, Mwalimu. Nilijiuliza jinsi ya kuiondoa."

"Basi nilikufundisha kuchora, sikukufundisha takwimu," alisema. Kazi yangu ilifutwa. Nilipewa sifuri mbele ya darasa lilelile lililonipigia makofi, nikaambiwa nirudie mwaka, na utafiti nianze upya kijiji kilekile. Adela alinisaidia kuhamisha kitanda kwenda bweni la mwaka wa kwanza. "Angalau huko," aliniambia, "hawajui habari ya M." Nilicheka, ndugu zangu. Nilikuwa sijacheka muda mrefu.

Kwenda tena kwa Shangazi ndiko kulikuwa kugumu. Siku ya kwanza alinipitia uani kana kwamba mimi ni mti. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu alikuwa anapalilia, nikachukua jembe nikapalilia mstari wa pili mpaka mwisho wa shamba. Hapo akauliza bila kunitazama, "Unataka nini?"

"Kukuuliza nililopaswa kuuliza. Walikufia wapi?"

Aliegemea jembe. Watatu, alisema, walizikwa ng'ambo ya Mto Kagera, kabla hajakimbia vita kuja huku. Wale wawili walifia njiani, chini ya mti asioujua tena. Mmoja alikufa kwa surua kwenye kambi ya wakimbizi. Hapa Songambele, kando ya chemchemi ile nzuri, alikuwa amemzika mmoja tu, Gaspari. Maji hayakuwa na kosa, wala nukta haikuwa na kosa. Dodoso langu ndilo halikuwa na pa kuuliza watu walipita wapi kabla ya kufika tulipowakuta.

"Karatasi haina nafasi ya hayo," nilimwambia.

"Basi iwekee nafasi."

Nilichora safu mpya kwa mkono, palepale shambani, juu ya goti. Ilipinda. Niliiacha.

Kazi yangu ya pili ilipata alama za wastani. Grafu yake si nzuri, ina nukta juu kabisa, na chini yake maelezo marefu, na wale saba nimewaandika wote, watano kwa majina yao, wale wawili nikawaandika "mapacha." Mwalimu aliniambia majina hayatakiwi katika takwimu. Nilimwambia najua. Hakuyakata.

Sijapona kabisa. Mtihanini bado huomba karatasi ya pili mstari ukipinda, na hata ushuhuda huu nimeunakili upya mara tatu. Lakini namshukuru Mungu kwa sifuri ile! Namshukuru kwa aibu ya Songambele. Na wewe uliyekaa hapo, uliyefuta mtu ili maisha yako yaonekane safi, mtoto uliyemkana, mzazi unayemficha wageni wakija, usingoje kukamilika ndipo uje. Mwamini Bwana leo. Itakuuma, lakini Yeye hatakuacha.

Shangazi yuko pale mlangoni. Hajanisamehe, aliniambia hivyo jana, waziwazi, nami sitasema mbele zenu kwamba amenisamehe. Ila asubuhi hii alinyoosha mkono akaiomba karatasi hii, akanitaka nimsomee mpaka mwisho kabla ninyi hamjaisikia. Nilipofika kwenye majina alinisimamisha.

"Umeandika mapacha," alisema. "Walikuwa wa kike. Weka."

Nimeweka. Walikuwa wa kike. Mungu awabariki.