Kinyozi wa Msitu na Santuri Isiyo na Mwimbaji

Nyinyi mlioanza kukonyezana hapo nyuma kabla karatasi haijafunguliwa, na wewe unayeipekua simu kama unaitafutia chawa, tulieni, kwa sababu historia hii ya marehemu ni ya kweli kuanzia neno la kwanza, na anayeona ni kichekesho mtu kunyoa vichwa huku akiwafundisha wenye vichwa hivyo kuusikiliza msitu, ajiulize kwanza yeye alinyolewa na nani, maana nusu ya waliojaa ukumbini humu walikikalia kile kiti chake cha kunyolea, na wengine walitoka wakisema marehemu amerukwa na akili, kisha wakarudi tena nywele zilipoota.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa mwisho wa mchoma matofali na mkewe, na katika watoto wote wa tumbo lile aliyebaki leo ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye ndiye anayewasomea, na ambaye alimbeba mgongoni mpaka akaanza kutembea, hivyo asije mtu wa kamati ya mazishi akamweleza marehemu alikuwa nani.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1965 katika shule iliyo kando ya reli, na hakuendelea mbele, si kwa ujinga bali kwa kuwa baba alivunjika nyonga mwaka huohuo, na dada yake naye aliishia hapohapo, jambo ambalo jana lilimfanya Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mtoto wa ami yao, aulize mbele ya watu kama haingefaa historia hii isomwe na mtu aliyesoma, akajibiwa kwamba aliyesoma aisome ya kwake siku yake itakapofika.

Mwaka 1966 aliingia kazini kwa kinyozi mmoja mzee jirani na kituo cha mabasi, akafagia nywele za watu muda mrefu kabla ya kukabidhiwa mkasi, na tarehe 3 Agosti 1974 akafungua chumba chake mwenyewe, kioo kimoja kilichomeguka pembeni, kiti kimoja cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka, na nje, chini ya upenu, benchi la wanaosubiri na cherehani ya dada yake.

Mwaka 1976 mhandisi mmoja wa maji alikuwa anahama, akauza vyombo vyake barazani, marehemu akaenda kununua feni, akarudi amekumbatia gramafoni na santuri moja yenye picha ya msitu kwenye jalada, dada yake akamuuliza, haya, joto la chumba kile litapoozwa na picha, naye akacheka tu, akaiweka santuri, akavuta kigoda, akaisikiliza upande wote mpaka sindano ikaanza kukwaruza, kumbe muda wote ule alikuwa anamsubiri mwimbaji aingie.

Mwimbaji hakuingia, kwa sababu hakuwemo, na mteja mmoja aliyejua lugha ile alimsomea maandishi ya nyuma ya jalada, kwamba aliyeitunga ni mtu wa nchi ya baridi aliyeishi karne ya kumi na tisa, aliyependa kutembea peke yake porini, na kwamba alitaka kuitia siku nzima ya msitu ndani ya ala, umande wa asubuhi, ndege, kijito, upepo, kisha kimya, kisha radi, kisha matone yanayodondoka kutoka majanini mvua ikishakatika, na marehemu aliposikia hivyo aliirudisha sindano mwanzo, safari hii akamwacha mwimbaji, akasikiliza maji.

Tangu siku hiyo hakunyoa mtu bila santuri ile, na mtaa ukampa jina la Kinyozi wa Msitu, kwa dhihaka, lakini yeye alikuwa na namna yake ya kumwingiza mgeni, hakumweleza habari za mtunzi wala hakumwambia huu ni muziki wa watu wastaarabu, alimfunga shuka shingoni na kumpa sauti moja tu ya kufuata, leo wewe shika filimbi, usiiache, popote itakapokwenda nenda nayo, nywele zikiota ukirudi nitakupa zeze kubwa, na mwuza nyama, ambaye mwanzo alisema kelele zile zinamsinzisha, alifika kwenye ngoma za radi mwaka wa pili, na siku hiyo aliomba asinyolewe kwanza, akae tu.

Kosa walilolifanya wote lilikuwa moja, pale msitu unapokaa kimya kabla ya radi walidhani imekwisha, wakanyanyuka, na dereva mmoja wa lori alijivua shuka akatoka mpaka barabarani, upande mmoja wa kichwa uking'aa na wa pili ukiwa kichaka, radi ikampigia mgongoni kutoka ndani, watoto wa shule wakamsindikiza kwa vigelegele, na kuanzia hapo marehemu akaweka sheria kwamba santuri ikianza mlango ufungwe, na dada yake pale kwenye cherehani akawa bawabu, hakuna kuingia, hakuna kutoka, na anayegonga anaambiwa, kaa, haijaisha.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na karani wa posta, aliyekuja dukani kumfuata kaka yake aliyekuwa akinyolewa, akazuiwa mlangoni, akasikiliza akiwa benchini, na kilipofika kile kimya hakunyanyuka, alimgeukia fundi cherehani akauliza, dada, mvua hii imekatika au inajikusanya, na dada mtu alimwendea marehemu jioni ileile akamwambia, mkeo amepatikana, acha kuzubaa, wakajaliwa watoto watatu, mzaliwa wa kwanza ambaye sasa ni meneja, wa pili muuguzi, na wa mwisho fundi umeme, na mama yao akatutangulia tarehe 6 Februari 2011.

Msidhani alipendwa sana enzi hizo, maana mwaka 1988 aliibeba gramafoni begani mpaka shule ileile ya kando ya reli, akaomba kipindi kimoja tu awape watoto kila mmoja sauti yake, mwalimu mkuu akamjibu mbele ya walimu wenzake kwamba muziki huo una wenyewe, kinyozi akashike mkasi, na walimu wakacheka, na mmoja wa waliocheka ameketi safu ya mbele leo na kitambaa machoni, amepangiwa hotuba ya kumsifu marehemu, na kamati haikuona tatizo lolote kuipa hotuba hiyo nafasi.

Afya yake ilianza kuzorota mwezi wa tisa mwaka 2021, figo zikagoma, akawa anapelekwa hospitali na kurudishwa, na hata wodini hakuacha tabia yake, mvua ilipokatika alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili asikilize mifereji ya bati, shika ule mdondoko wa kushoto, usiuache, na akiwa hapo, mbele ya binti yake muuguzi na dada yake, alisema anataka jambo moja tu siku ya kuagwa, santuri ipigwe yote, mlango ukiwa umefungwa, kisha wazike, na tarehe 9 Mei 2024, asubuhi, aliaga dunia.

Sasa sikilizeni uungwana wa kamati, jana mzaliwa wa kwanza alisema wakubwa wake wa kazi watakuwepo na muziki usio na maneno utamwaibisha, Mwenyekiti akaongeza kwamba watu watasinzia, basi ipigwe pale penye kishindo tu, dakika mbili, wakati watu wanaelekea kwenye magari, wakaandika hivyo kwenye ratiba bila kuwauliza waliousikia wosia, na shangazi mtu alimwambia meneja, mwanangu, ada yako ya shule ilitoka kwenye nywele zilizonyolewa kwa santuri hiyo, na radi usiyoisubiri ni sahani zilizoanguka jikoni, meneja akatazama saa yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, majirani waliokesha nasi, vinyozi wenzake waliofunga maduka yao leo, dereva wa lori aliyeleta viti na ambaye leo amenyolewa pande zote mbili, na mwuza nyama, ambaye tangu alfajiri ameshaifunga gramafoni kwenye vipaza sauti akisaidiwa na binti fundi umeme, na mkono wake uko kwenye sindano, anasubiri neno moja tu.

Hotuba zitangoja, wakubwa wa kazi watangoja, na magari hayana miguu ya kuondoka yenyewe, safu za kushoto mfuate filimbi, safu za kulia mfuate zeze kubwa, meneja wewe shika ngoma, na kitakapofika kimya asinyanyuke mtu, asikohoe mtu kwa makusudi, asivae mtu viatu alivyovua chini ya kiti, hata Mwenyekiti.

Pumzika kwa amani, kinyozi, wateja wako wamekaa, na dada yako, ambaye kazi yake haijawahi kuwa ndani, anakunja karatasi hii, anakwenda kwenye nafasi yake, na atakayegonga atajibiwa kama siku zote.

Mwuza nyama, weka.

Anatoka, anafunga mlango.